Laptopu na kontrola ya jengo: poti ya zamani, adapta ya USB, RS-485 au kisanduku cha mtandao, uchukue ipi?

Kabla hujaenda dukani kununua kebo, nenda kwanza kwenye paneli ukaangalie kontrola ina tundu gani. Nasema hivi kwa sababu mafundi wengi wanaoanza kazi za BMS (mfumo wa kompyuta unaoendesha AC, pampu na mitambo mingine ya jengo) wanaanzia upande wa laptopu, wanaona ina USB basi wanachukua chochote chenye USB upande mmoja, wakifika saiti wanakuta upande wa pili hauingii popote, na jengo lina joto, meneja kasimama mlangoni anauliza AC zinarudi saa ngapi. Ile kontrola inayoendesha AHU (mashine ya kusukuma hewa ya AC) au chila (mashine ya kupoza maji ya AC) au pampu za maji ilifungwa miaka mingi iliyopita na haitabadilika kwa ajili yako, laptopu ndo inabidi iifuate.

Fungua mlango wa paneli, washa tochi, soma maandishi. Ukikuta soketi ya pini tisa, au kitundu cha plastiki cha aina ya plagi ya simu ya mezani na pembeni pameandikwa RS232, hapo ni kompyuta moja na kontrola moja, wawili tu wanaongea. Ukikuta terminali za skrubu zenye alama ya + na −, au A na B, mara nyingi na ya tatu ya COM au GND (waya wa pamoja, yaani ground), hiyo ni RS-485, laini moja inayopita kontrola nyingi. Ukikuta kitundu kidogo cha USB, chipu ya kugeuza tayari iko ndani ya kontrola na we unahitaji waya tu. Na kama kuna ethaneti inayofanya kazi na IP yake (anwani yake ya mtandao) unaijua, achana na serial kabisa, yaani hizo RS-232 na RS-485, maana lugha za kontrola zinapita kwenye mtandao, BACnet/IP inaongea kwa UDP poti 47808 na Modbus TCP kwa poti 502 (hizi ni namba za mtandao, siyo matundu), unamaliza kazi umekaa. Serial inabaki kwa zile zisizo na ethaneti, au zinayo ila IP imesahaulika na aliyeiweka alishahama kazi, na hizo kwenye majengo yetu ziko nyingi mno.

Laptopu kuukuu yenye poti yake

Watu wanaidharau hii lakini mimi naiheshimu. Laptopu yenye poti halisi ya pini tisa haitaki draiva yoyote, COM1 (jina ambalo Windows inaipa poti ya serial) leo ni COM1 kesho, na zile programu za zamani za kontrola ambazo zinatambua COM1 mpaka COM4 peke yake zinafanya kazi bila kelele. Kama unahudumia majengo yenye kontrola za miaka ya 1990 na programu zake zinataka Windows XP, mashine ya namna hii itunze vizuri, itafutie betri nyingine mapema, na usiipeleke kwenye intaneti maana Microsoft iliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014. Hasara zake zinajulikana, ni nzito, spea zinapotea sokoni, na siku ikifa programu zako zimekufa nayo kama hujaweka kopi pembeni.

RS-232 yenyewe ni ya mwaka 1960, Marekani, na ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vilivyokaa karibu karibu. Kwa spidi za kawaida hesabu mita 15 hivi za kebo, ukizidisha sana unaanza kupata herufi za ajabu kwenye skrini. Kwa hiyo usivute RS-232 kutoka ofisini ghorofa ya chini mpaka paa, beba laptopu upande nayo.

Hapa pia ndo kuna lile tatizo la kebo nyoofu na kebo ya msalaba. Kwenye kompyuta pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ground. Kontrola nyingine imepangwa hivo hivo kama kompyuta, kwa hiyo ukiweka kebo nyoofu wote wawili wanatuma kwenye waya mmoja na wote wanasikiliza waya mmoja, kimya kabisa. Nyingine imepangwa kinyume na inataka nyoofu. Usibahatishe, chukua multimita, weka volti za DC, waya mweusi kwenye pini ya 5 na mwekundu gusa ya 2 kisha ya 3. Pini inayotuma ikiwa haina kazi inakaa kwenye volti hasi, kuanzia kama −5 mpaka −12, na inayopokea inasoma karibu na sifuri. Fanya hivo kwenye laptopu, fanya kwenye kontrola, kama wote wanatuma kwa pini namba ileile unahitaji msalaba. Hii njia inafaa hata kwa vile vitundu vya aina ya simu ambavyo kila kampuni inapanga waya zake inavyotaka, na hapo nasisitiza, kebo ya kampuni moja usiichomeke kwenye kontrola ya kampuni nyingine eti kwa sababu plagi imeingia. Plagi kuingia haimaanishi chochote.

USB kwenda RS-232: unachonunua ni chipu

Wengi wetu sasa tunatumia hii kwa sababu laptopu mpya hazina tena ile poti. Kwa nje adapta zote zinafanana, kipande cha plastiki na waya wa buluu au mweusi, ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue utaonyeshwa tano na zote muuzaji atakwambia ni orijino. Tofauti iko ndani, na kuna familia tatu utakazokutana nazo sana: FTDI, Prolific na CH340.

FTDI ndo chaguo langu kwa kazi za majengo. Draiva yake imetulia, inakubali spidi nyingi, na ina setingi moja ambayo nitaieleza kwenye RS-485 kwa sababu kule ndo inaamua kazi. Shida yake ni feki. Mwaka 2014 kampuni ilitoa draiva kupitia Windows Update ambayo ilikuwa inazibadilisha namba ya utambulisho chipu za kughushi mpaka kompyuta haizitambui tena, watu waliokuwa wamenunua bila kujua wakabaki na adapta zilizokufa, kukawa na malalamiko mengi wakairudisha nyuma. Somo la kununua ni lilelile, ikiwa bei ni ya chini kupita kiasi na kifuniko kimeandikwa FTDI, kuwa na wasiwasi.

Prolific PL2303 mpya ni nzuri tu na bei yake ni ya kati, ila zile za kizazi cha zamani aina ya HXA hazisapotiwi kwenye Windows mpya, ukifungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) unakuta alama ya njano, na kwenye Windows 11 inaandika kabisa kwamba chipu hiyo iliachwa tangu 2012. Kuna watu wanatafuta draiva za zamani mtandaoni na kuzilazimisha, inafanya kazi mpaka Windows ijisasishe, halafu unarudi pale pale ukiwa juu ya ngazi. Kama unayo mpe mtu mwenye mashine ya XP itamfaa.

CH340 ni ya Kichina na ndo ya bei ya chini kuliko zote. Kwa kusoma na kuandika setingi kwa spidi ya 9600 au 19200 (biti kwa sekunde) inafanya kazi vizuri, sina ugomvi nayo, mwanafunzi anayejifunza aanze nayo. Kwa kupakia programu kubwa kwenye kontrola usiku ambapo ikikatika katikati kontrola inabaki haina akili, hapo sitaiamini, natafuta FTDI.

Tahadhari moja ya kweli: kuna kebo za USB kwenda serial ambazo ni za TTL, volti 3.3 au 5, waya zake zinaishia kwenye vipini vidogo vyeusi, wanazitumia watu wa Arduino. Hizo siyo RS-232. Ukizigusisha na RS-232 yenye volti hasi na chanya mpaka 12 unaua adapta, na ukifanya kinyume, yaani ukapeleka RS-232 kwenye tundu la TTL la kontrola, unaua kontrola, na hiyo ya pili bei yake ni nyingine.

Ukishachomeka, fungua Device Manager uone umepewa COM ngapi, kama programu ni ya kizamani rudisha namba isizidi 4. Kwenye PuTTY (programu ya kuongea na poti ya serial) badilisha flow control, yaani utaratibu wa kusimamishana wakati wa kutuma, iwe None, maana inakuja na XON/XOFF na kwa kebo ya waya tatu hiyo unaweza usiihitaji kabisa ikawa inakusumbua tu. Na kabla ya kulaumu kontrola, unganisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa kipande cha waya, andika herufi kwenye dirisha la PuTTY, zikirudi kwenye skrini adapta yako ni nzima na draiva ni nzima, tatizo liko mbele.

RS-485, hapa ndo pesa yako iende

Kama una hela ya kitu kimoja tu cha maana, weka hapa. Kontrola nyingi za vyumbani, za feni, za VAV (vifaa vinavyorekebisha hewa inayoingia chumbani), mita za umeme, inverta za pampu, zote zinaongea RS-485, iwe ni BACnet MS/TP au Modbus RTU, zile lugha mbili zikipita kwenye waya wa serial badala ya ethaneti. Laini inaweza kwenda mpaka mita 1200 kwa spidi ndogo, na kwa kipimo cha awali inabeba mizigo 32, siku hizi chipu nyepesi zinafikisha zaidi ya hapo. Ukikaa na adapta nzuri ya 485 kwenye paneli moja unaziona kontrola za ghorofa nzima, na hilo ndo linaokoa siku yako.

Adapta zake ziko za aina mbili na tofauti ya bei ni kubwa: ya kawaida, na iliyotenganishwa, yaani data inavuka ndani yake kwa mwanga au kwa sumaku lakini umeme wa upande wa kontrola haugusani na wa laptopu. Nunua iliyotenganishwa. Nitasema kwa nini, na hili naomba lisomwe polepole.

Kontrola nyingi za AC zinakula volti 24 za AC kutoka kwenye transfoma, na mara nyingi waya mmoja wa transfoma umefungwa athi. Ndani ya kontrola, nyingine zinageuza umeme kwa daiodi moja, nyingine kwa daraja la daiodi nne. Kwenye ile ya daraja, ground ya ndani ya kontrola siyo sawa na athi, inapishana nayo kila nusu ya wimbi. Sasa we unakuja na laptopu iko kwenye chaja yenye pini ya athi, ground ya USB yako imeshafungwa athi kupitia chaja, unaunganisha COM ya adapta na COM ya kontrola, tayari umeshorti daiodi mojawapo ndani ya kontrola na mkondo wa transfoma unapita kwenye USB ya laptopu. Inaungua adapta, au poti ya laptopu, au kontrola, na kila mtu anasema umeme wa jengo ni mbaya wakati hakuna kilichokuwa kibaya. Adapta iliyotenganishwa inazuia hilo kabisa. Ukiwa na ya kawaida, chomoa chaja, fanya kazi kwa betri, na usiguse HDMI wala ethaneti ya jengo wakati huo. Mikoa ya ziwa yenye radi nyingi, Kisumu, Mwanza, Kampala, na laini inayotoka jengo moja kwenda jengo jingine, pale sitaki hata kujadili, ni iliyotenganishwa tu.

Jambo la pili la kulinganisha ni jinsi adapta inavyogeuza mwelekeo. Laini ni ya watu wote, anayetuma lazima aachie haraka ili mwingine ajibu. Adapta za zamani zinasubiri programu iwashe na kuzima RTS (waya wa ishara ya kutaka kutuma), zinachelewa, zinakata mwanzo wa jibu. Tafuta inayogeuza yenyewe ndani ya chipu.

La tatu ni ile setingi ya FTDI. Ndani ya Device Manager, kwenye setingi za juu za poti, kuna latency timer ambayo inakuja ikiwa milisekunde 16, maana yake baiti chache zinazoingia zinaweza kukaa muda huo zikisubiri kabla hazijafika kwenye programu. Kwa 38400 baiti moja inachukua kama milisekunde 0.26, kwa hiyo 16 ni muda wa baiti 60 hivi. Kwa Modbus unaweza usione tofauti zaidi ya uzito. Kwa MS/TP ni balaa, kwa sababu kule kuna tokeni, yaani zamu ya kuongea inayopokezanwa, anayepewa tokeni anatakiwa aanze kuitumia ndani ya milisekunde 15, ukichelewa jirani anaona umekufa anaendelea bila we, unaonekana na kupotea, unaonekana na kupotea. Iweke 1. Na hata ukiweka 1, Windows ni Windows, siku laptopu inajisasisha tokeni zitaanguka, ndo maana kama kazi yako kubwa ni MS/TP ni bora zile adapta zenye kichakataji chake ndani kinachoshika tokeni chenyewe, au ruta ndogo ya MS/TP kwenda IP. Ni ghali kuliko adapta ya kawaida na zinastahili.

Modbus na MS/TP zinatofautiana pia kwa namna ya kuingia kwenye laini iliyo hai. MS/TP inaruhusu mamasta (wanaoanzisha mazungumzo) wengi, anwani zao ni 0 mpaka 127, we chukua moja isiyotumika, ila angalia Max Master (anwani ya juu kabisa ambayo kontrola inaitafuta) ya kontrola jirani, kama imewekwa 40 na we umejipa 100 hakuna atakayekuita milele na utakaa unabadilisha kebo ambayo ni nzima. Spidi lazima ilingane na wote, 38400 na 76800 utazikuta sana. Modbus RTU inaruhusu masta mmoja tu. Kama BMS tayari inazisoma mita na we unaingia na programu yako inauliza nayo, mnagongana, data za BMS zinaharibika na zako pia. Tenga BMS kwanza kwa kuchomoa waya wake na umwambie aliyeko kwenye chumba cha kontroli, au kaa usikilize tu bila kuuliza. Pariti (biti ya kukagua makosa) nayo icheki, kwenye kanuni ya Modbus ya kawaida ni Even, watengenezaji wengi wanaleta None, na kosa hilo tu linafanya laini nzima ionekane imekufa.

Kuhusu A na B usiumize kichwa, kampuni hazikukubaliana, A ya huyu ni + na A ya yule ni −, kukosea hapa hakuunguzi kitu, kama kimya geuza waya mbili ujaribu tena. Kilicho muhimu zaidi ni rezista za ohm 120, moja mwanzo wa laini na moja mwisho. Zima umeme, pima kati ya + na −, laini nzima yenye rezista mbili inasoma karibu na 60. Adapta nyingi zina 120 yake kwa jampa, ukiingia katikati ya laini iondoe, la sivyo unaongeza ya tatu na laini iliyokuwa inapumua inalala. Na huku pwani, Dar, Mombasa, Tanga, kabla hujapima chochote angalia terminali, shaba ikishaota kijani kwa sababu ya chumvi kata mbele, vua upya.

USB ndogo kwenye kontrola yenyewe

Hii ni rahisi na sina mengi. JACE 8000 kwa mfano, kontrola ya kampuni ya Tridium, ina USB ndogo ya ukarabati, unaweka 115200, biti nane, pariti hakuna, stopu biti moja, unaingia na kubadilisha anwani ya IP iliyosahaulika. Kosa la kawaida ni kutumia waya wa chaja ya simu ambao ndani hauna waya za data, Windows haisemi chochote kabisa. Beba waya wako unaoujua.

Kisanduku cha serial kwenda ethaneti

Hivi ni vile visanduku kama Moxa NPort, upande mmoja serial upande mwingine mtandao, unaweka draiva na laptopu inaona COM ya bandia ingawa kontrola iko ghorofa ya kumi na mbili. Ukilinganisha na adapta ya USB, faida ni kwamba hupandi tena, na nyaya za USB zenyewe ambazo hazipaswi kuzidi mita 5 hazikuhusu. Kwa Modbus kinafanya kazi vizuri ukiongeza muda wa kusubiri jibu. Kwa MS/TP usijaribu kupitisha tokeni kwenye COM ya bandia, mtandao unaweza kuchelewesha tokeni, kule nunua ruta ya MS/TP.

Sharti langu ni moja, kisiwekwe kwenye intaneti wazi. Modbus haina nywila, BACnet ya kawaida haina nywila, anayeifikia poti anaweza kuzima chila ya hospitali. Kiwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya jengo, watu wa nje waingie kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti), nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, na watu wa IT wajue kipo.

Kwa nani basi? Kwa anayesimamia jengo moja kubwa au kampasi na anaitwa usiku mara kwa mara, hapo kisanduku kinajilipa haraka. Fundi wa kuzunguka, leo Mikocheni kesho Upanga, au aliyeko Doha anahamishwa jengo hili na lile, hela hiyo agawanye, adapta ya USB kwenda RS-485 iliyotenganishwa yenye FTDI iwe ya kwanza, USB kwenda RS-232 yenye FTDI iwe ya pili, kebo ndogo ya msalaba na nyoofu, multimita, na ikibaki chochote anunue 485 nyingine ya akiba aiache kwenye begi.